Bwana Koki Mbele ya Bwana Koki

Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba 1984, gazeti la mwisho wa wiki lilichapisha katuni ya fremu nne iliyomhusu msoma mita za maji mwenye shingo ndefu na kofia iliyomzama hadi masikioni. Msoma mita huyo wa kuchorwa aliitwa Bwana Koki. Msoma mita wa kweli, mwenye shingo hiyo na kofia hiyo, alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na mke, mtoto wa kiume wa miaka kumi, na nyumba ya vyumba viwili ya idara ya maji, ambayo angetakiwa kuihama siku atakayoacha au kuachishwa kazi.

Katuni yenyewe ilikuwa fupi. Fremu ya kwanza, Bwana Koki anapita uchochoroni akipiga mluzi, spana begani kama bunduki. Ya pili, ameinamia bomba na kulifunga, ulimi umemtoka kwa juhudi. Ya tatu, wafiwa wanatoka nyumbani wakilia, beseni tupu mkononi, wakimsihi awaachie maji. Ya nne, Bwana Koki amewageukia na kuwaambia: "Maji ya nini, na machozi mnayo?"

Mji mzima ulicheka. Kufikia Jumatatu jina alilopewa msoma mita na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kinyozi alimwita Koki. Mlinzi wa lango la idara alimwita Koki. Bosi wake, aliyeanza kwa kumwonea huruma, naye baada ya mwezi ulimi ulimteleza, akamwita Koki mbele ya wahasibu, na wahasibu wakajifanya wanatafuta kitu chini ya meza.

"Koki, mvua imekatika tangu juzi. Ni wewe?"

"Jamani funikeni ndoo, mtu wenu anapita!"

"Koki, mke wangu analia tangu jana. Njoo umfunge basi!"

Alijifunza kucheka kabla ya wenzake, maana kichekesho kikikosa mtu wa kukasirika hupoa upesi. Hiki hakikupoa. Mchoraji alikuwa na mkono mwepesi na jicho baya, na Bwana Koki alitoka kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Alifunga maji harusini, hospitalini, kwenye kikosi cha zimamoto. Mara moja aliifunga hata bahari. Lakini watu waliendelea kuikumbuka ile ya kwanza, kwa sababu ilisemekana kwamba ile ni ya kweli.

Mwanawe aliyajua hayo shuleni. Mtoto yeyote aliyelia uwanjani, awe ameanguka au amechapwa, wenzake walimwimbia maneno ya fremu ya nne, kisha wote wakageuka kumtazama mtoto wa Koki. Siku moja alipigana na watatu kwa pamoja. Alirudi nyumbani mdomo umevimba, akamkuta baba yake mezani anakula, mama yake amesimama penye jiko.

"Baba, ni kweli ulifunga maji msibani?"

Mama aliacha kukoroga. Msoma mita aliitazama sahani yake.

"Nilifunga," alisema.

Mtoto alisubiri. Alisubiri kwa muda ambao mtoto wa umri wake hawezi kusubiri kitu kingine chochote. Baba yake alimega tonge, akala. Tangu siku hiyo kijana hakumwita tena baba. Alimwita Mzee, kama watu wanavyomwita mtu wasiyemjua kwenye foleni.

Kilichotokea ni hiki. Katika mtaa ule mita zote zilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya vijisanduku vya zege kando ya uchochoro, ili msoma mita asipate haja ya kubisha hodi kwa mtu. Asubuhi ile alikuwa na amri ya kufunga maji ya nyumba moja. Alifunga, akapitisha waya kwenye koki, akaubana kwa lakiri ya risasi, muhuri wa idara, akaendelea na njia yake. Alipotokea barabarani upande wa mbele ndipo alipoona viti nje, viatu vimejaa mlangoni, na wanaume wameinamisha vichwa. Nyumba ilikuwa ile ile. Mama mzazi wa mchoraji alikuwa amefariki alfajiri.

Hakusema na mtu. Alirudi uchochoroni, akatazama kulia na kushoto, akaikata lakiri kwa koleo, akafungua maji, kisha akauzungusha waya upya ili kwa mbali uonekane kama haujaguswa. Kuvunja lakiri bila amri kulikuwa kosa la kumwaga unga papo hapo, na kumwaga unga kulikuwa kuhama nyumba. Wiki iliyofuata bili ililipwa, amri ya kufungua ikatoka, akaenda kuufungua tena waya aliokuwa ameshaufungua. Alimwambia mke wake peke yake.

"Mwambie mtoto," mke wake alimhimiza usiku wa ule ugomvi.

"Mtoto ana mdomo. Atamwambia mwenzake, mwenzake atamwambia baba yake, na baba yake yuko idarani."

"Basi ukistaafu."

"Nikistaafu, sawa."

Alipostaafu kijana alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, fundi rangi wa magari na karakana yake upande wa pili wa mji. Alikuja siku za sikukuu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaongea na mama yake. Swali hakuliuliza tena, na msoma mita hakuona pa kuanzia. Ungemwanzaje mtu kwa jibu la swali la miaka ishirini na tano? Ingeonekana anajisafisha. Na isitoshe, alijiambia, kufunga alifunga. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita akiwa bado anamdai maneno hayo.

Mchoraji naye alikuwa amekwisha kufa. Binti yake, ambaye alikuwa mwalimu wa sanaa, aliacha kazi akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa makumbusho ya katuni. Watu walikwenda, wakacheka, wakanunua kadi zenye sura ya Bwana Koki. Haya msoma mita aliyasikia, akashika hamsini zake. Kisha Jumapili moja mwanawe alikuja bila kuwa sikukuu, na hakukaa.

"Mzee, darasa la mjukuu wako linapelekwa kule. Juzi kaja nyumbani anaruka: baba, tunakwenda kumwona Bwana Koki! Hajui lolote."

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba Koki ndiye babu yake? Atayajua hapo hapo, mbele ya wenzake, kama nilivyoyajua mimi. Ile picha ya msiba lazima itolewe ukutani."

"Nani ataitoa?"

"Wewe. Sura ni yako. Wewe ukisema hutaki, watasikia. Nitakupeleka Alhamisi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mwanawe kumwomba kitu. Msoma mita alisema sawa.

Nyumba hiyo ya mchoraji alikuwa ameifikia kila mwezi kwa miaka kumi na minne na hakuwahi kuuona mlango wake kwa karibu. Ulikuwa wa kijani. Ndani kulikuwa na meza ndogo ya tiketi, na nyuma ya meza mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani kwenye kamba, nywele fupi za mvi. Alinyanyua kichwa. Macho yake yaliteremka kutoka usoni kwa mgeni hadi shingoni, yakasimama hapo, na wote wawili wakajua kwamba amemtambua.

"Karibu, baba," alisema, na akasimama. "Karibuni sana. Nyie hamlipi."

"Tutalipa," alijibu msoma mita.

"Basi mlipe mkitoka. Piteni kwanza."

Chumba cha kwanza kilikuwa cha kazi. Meza iliyoinama, taa yenye shingo, kalamu za kuchovya zimepangwa kwenye kopo la maziwa, chupa ya wino uliokauka ukapasuka kama tope la kiangazi. Palikuwa na mswaki wa meno uliotumika kurushia vitone vya wino kila mchoraji alipotaka vumbi au mvua. Palikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, maana alikunja uso mbele yake ili apate sura za watu wenye hasira. Msoma mita alivitazama kimoja kimoja, mikono nyuma. Alitegemea kuona chumba cha adui, akaona chumba cha mtu aliyekaa sana.

Chumba cha pili kilikuwa cha Bwana Koki. Kuta nne, yeye tupu. Koki na twiga, Koki na waziri, Koki anafunga bahari. Mume na mke vijana walikuwa mbele ya ile ya kwanza, na mume alikuwa akimsomea mke wake kwa sauti.

"'Maji ya nini, na machozi mnayo?' Ha! Halafu inasemekana alikuwepo kweli, eti."

"Mtu wa kweli? Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu. Bibi yangu alikuwa akimjua. Jitu lina roho ya jiwe."

Walicheka, wakageuka, wakamwona mzee mwenye shingo ndefu amesimama hatua chache nyuma yao. Kicheko cha mume kilikatika. Alimshika mke wake mkono, wakapita kando kwa heshima nyingi mno, na viatu vyao vikasikika hadi nje.

"Umeona?" mwanawe alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo haya atakayoyasikia mtoto."

Msoma mita alikuwa amesogea karibu. Katuni iliyomharibia jina hakuwahi kuiona. Mwaka ule hakununua gazeti, na kila alipoonyeshwa aligeuza uso. Aliijua kwa masikio tu. Sasa aliona kwamba ilikuwa kubwa, karibu upana wa meza ya kulia, kwa sababu huo ulikuwa mchoro wenyewe uliotoka mkononi, kabla ya kupunguzwa gazetini. Aliona kwamba mchoraji hakukosea spana. Aliona uchochoro, vijisanduku vya zege, hata ule ukuta uliokuwa na ufa. Kwenye fremu ya tatu, uso wa mwanamke anayelia ulichorwa kwa mistari michache sana, na ule haukuwa uso wa kuchekesha.

Mwanawe naye alikuwa ameinama, lakini hakuwa akitazama nyuso. Alikuwa akitazama fremu ya nne kwa pembeni, shavu karibu na kioo, kama anavyotazama mlango wa gari ulioletwa na mtu anayeapa kwamba haujawahi kugongwa.

"Hapa pamepigwa rangi juu ya kitu," alisema.

"Wapi?"

"Hapa pote. Angalia, hapa pamevimba, pale ni bapa. Na nyeupe hii si ile." Alitoa simu, akawasha tochi, akailaza ubavuni mwa kioo ili mwanga upite kwa chini. Kioo kilirudisha mng'ao. "Ningeiona bila kioo ningekwambia ni mikono mingapi ya rangi."

Sauti iliwajibu kutoka mlangoni. "Ni rangi ya kufutia. Baba aliitumia sana."

Binti wa mchoraji alikuwa amewafuata kimya kimya. Alieleza bila kujivuna kwamba mhariri alikuwa mtu mgumu. Kila Alhamisi mchoraji alimpelekea ukurasa, na kila Alhamisi mhariri aliuliza, hii inachekesha wapi? Ikiwa haichekeshi, mchoraji alirudi na kufunika, akachora juu yake. "Zenye nyeupe nyingi ndizo alizoanza kwa mambo aliyoyaona kweli. Lakini hii nilipewa na gazeti ikiwa tayari kwenye kioo. Sijawahi kuitoa."

"Unaweza kuitoa?" fundi rangi aliuliza.

Binti wa mchoraji alifikiri kidogo. Kisha aliishusha mwenyewe, akaibeba hadi chumba cha kazi, akageuza vishikizo vya nyuma vilivyoota kutu, akakinyanyua kioo. Alifunga mapazia yote isipokuwa kipande kimoja cha dirisha. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na fremu ya nne ilikuwa kama kiraka juu yake. Fundi rangi alilaza tochi mezani, akaisogeza polepole.

Chini ya weupe mistari ilijitokeza kwa uvimbe wake tu, bila rangi, kama kovu chini ya shati jembamba. Bomba la uani. Maji yanatoka, yameruka kwa nguvu, na vitone vya mswaki vimesambaa pande zote. Chini ya bomba, msichana mdogo mwenye kidani na nywele za mafundo mawili ameshika beseni linalomlemea.

Binti wa mchoraji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni mimi," alisema. "Kile kidani ninacho mpaka leo." Kisha akaongeza, "Sikujua kama aliwahi kunichora."

Fundi rangi alisogeza tochi hadi kwenye bomba.

"Kwa hiyo maji yalirudi," alisema. "Siku ile ile."

"Nakumbuka beseni. Nakumbuka kulia. Maji kurudi sikumbuki, ila baba alisema yalirudi yenyewe."

Fundi rangi alizima tochi. Alimgeukia baba yake, na safari hii alimwangalia usoni moja kwa moja.

"Mzee. Koki ikishafungwa na kutiwa lakiri, maji yanarudi yenyewe?"

"Hayarudi."

"Basi nani aliyafungua?"

Msoma mita alikuwa ameyaandaa maneno hayo mara nyingi maishani, na katika maandalizi yote yalikuwa marefu. Yalipotoka yalikuwa matatu.

"Nilifungua mimi mwenyewe," alisema. Kisha akaeleza: uchochoro, viti, viatu mlangoni, koleo, waya. Alieleza kama mtu anayesoma mita, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alipomaliza aliutazama mchoro na si watu.

"Nilikuuliza," alisema mwanawe. "Nilikuja na mdomo unavuja damu nikakuuliza."

"Uliuliza kama nilifunga."

"Nilikuwa na miaka kumi! Mtoto wa miaka kumi anajuaje kuuliza kama ulifungua?"

"Hajui."

"Ungeniambia hata kwa kuninong'oneza."

"Ungesema, tungetolewa ile nyumba. Nilimwambia mama yako nikistaafu nitakwambia. Nilipostaafu nikaona aibu."

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Fundi rangi alitoka nje. Kupitia kipande cha dirisha walimwona amesimama kando ya barabara, mikono kiunoni, akiyatazama magari yanavyopita kana kwamba kila moja lilikuwa na kosa.

Binti wa mchoraji alivuta kiti, akamsogezea mzee, akaketi mkabala naye.

"Baba, mlikuja na ombi. Niliona tangu mlangoni. Semeni."

"Tulikuja kukuomba uitoe hii. Darasa la mjukuu wangu litakuja Jumatano ijayo."

"Mkitaka itoke, itatoka. Leo leo. Ingawa ni msiba wa bibi yangu, na ndiyo picha pekee ninamoonekana."

Msoma mita alifikiri. Alikuwa ameomba katika moyo wake kwa wiki nzima kwamba wamkubalie bila ubishi, na sasa amekubaliwa.

"Iache," alisema. "Kufunga nilifunga. Lakini weka na hii ya chini."

"Siwezi kuikwangua. Nikikwangua zinaharibika zote mbili. Naweza kuipiga picha kwa mwanga wa pembeni, kama alivyofanya kijana wako, nikaibandika kando yake. Kwamba maji yalirudi, hilo nitaandika. Lakini kwamba ni wewe uliyefungua…" Alisita, akachagua maneno. "Nisamehe, baba. Nina neno lako tu. Siwezi kuliandika kama jambo nililoliona."

"Usiandike hivyo."

"Nitaandika kwamba ndivyo unavyosema wewe. Kwa sauti yako mwenyewe, watu wasikilize, wapime."

"Watapima vibaya wengine."

"Watakuwepo."

"Sawa," alisema msoma mita. "Ila uweke jina langu. Lile la kitambulisho."

Alimtajia. Binti wa mchoraji aliliandika kwenye karatasi mbele yake, akamgeuzia aone kama herufi ni sawa. Zilikuwa sawa.

Mwanawe alirudi wakati binti wa mchoraji akirudisha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Hakusema kama ameamini. Aliuliza wamekubaliana nini, akaelezwa, akasikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Mtoto ataambiwa nyumbani kwanza," alisema babu yake. "Nitamwambia mimi. Kama utaniruhusu."

Fundi rangi aliitikia kwa kichwa, si upesi. Kisha alitoa pochi akaweka pesa ya tiketi mbili mezani, na binti wa mchoraji akaipokea.

Jumatatu asubuhi makumbusho hufungwa kwa wageni. Siku hiyo msoma mita atakaa kwenye meza ya mchoraji, kinasa sauti kikiwa mbele yake, na kueleza mambo ya asubuhi ile tangu alipoingia uchochoroni. Mwanawe amewaambia mafundi wake wafungue karakana bila yeye, atakuwemo chumbani.